Jumamosi ya pili, saa kumi: namna ya kulipatia kundi lenu siku na kijiwe cha kudumu

Kundi letu lilizaliwa WhatsApp. Tulikuwa watu 19 tuliosoma pamoja chuo, wote tunaishi Dar es Salaam, na kwa mwaka na ushei kazi yetu ilikuwa "kupanga kuonana". Mtu anaandika, "Jamani tumepotezana, wikiendi hii vipi?" Wanaitikia sita papo hapo. Wa saba ana kikao cha harusi Jumamosi. Wa nane anasema basi iwe Jumapili, wa tisa anauliza wapi, wa kumi anatuma stika. Ijumaa usiku kundi zima kimya. Mwaka ule tulionana mara mbili, zote msibani.

Sasa huu ni mwaka wa nne tunaonana kila mwezi. Siku inayomfaa kila mtu hatujaipata mpaka leo. Tulichukua ile isiyowaumiza wengi, tukaifunga, tukapiga marufuku kuijadili.

Hili wazee wa kahawa walilijua zamani. Ukienda Unguja ukapita Jaws Corner, au kijiwe chochote cha kahawa mtaani kwako, hutasikia mtu akipigiwa simu aulizwe kama anakuja. Alasiri imeswaliwa, dele liko juu ya mkaa, benchi liko palepale lilipokuwa jana. Anayekuja anawakuta wenzake, asiyekuja leo yupo kesho. Kijiwe hakina kikao cha kupanga kikao. Ninachoeleza hapa chini ni jinsi ya kufika huko kwa watu ambao hawaishi mtaa mmoja. Mfano wangu ni Dar kwa sababu ndiyo ninayoijua. Ukiwa Mwanza au Mombasa badilisha majina ya vituo.

Hatua ya kwanza: uliza mtu asichokiweza

Usiulize kundini. Ukitupa "mnapendelea siku gani?" mbele ya watu 19, utaletewa adabu: "mimi yoyote sawa tu", na siku ikifika hayupo. Piga simu au andika pembeni, mmoja mmoja. Ni kazi ya jioni mbili. Maswali matatu yanatosha: siku na saa gani huwezi kabisa, na kwa nini? Wikiendi unalala wapi? Tukiachana jioni, unarudije nyumbani?

Hiyo "kwa nini" usiiruke. "Siwezi Jumamosi asubuhi" ya mwenye duka Kariakoo ni ya kudumu. "Siwezi" ya anayesoma masomo ya wikiendi itaisha akimaliza mitihani. Mkiwa na Msabato, Jumamosi mpaka jua lizame haiombwi wala haijadiliwi. Sisi hatuna, tungekuwa naye, mwongozo huu ungeitwa Jumapili ya pili.

Swali la tatu ndilo lililonifumbua macho. Kati ya wanawake saba wa kundi letu, watano walinijibu jambo moja ambalo hakuna mwanaume aliyelisema: "Saa moja usiku niwe nimeshapanda gari." Kwa mwaka mzima hakuna aliyeliandika kundini, na kwa mwaka mzima sisi tulikuwa tunapendekeza "kuanzia saa moja, baada ya mihangaiko". Ndiyo maana walikuwa hawaji. Sisi tulidhani wameolewa wametusahau.

Hatua ya pili: hesabu magari, achana na kilomita

Chukua karatasi, andika kila mtu anakolala. Dar imekaa kama vidole vya mkono uliofumbuliwa. Barabara ya Bagamoyo inakwenda Mwenge, Tegeta hadi Bunju. Ya Morogoro inakwenda Ubungo, Kimara na Mbezi. Ya Nyerere inapita Tazara na uwanja wa ndege kwenda Gongo la Mboto, na Chanika iko mbele zaidi. Ya Kilwa inashuka Mbagala. Kigamboni iko ng'ambo ya maji. Barabara kubwa zinazounganisha vidole hivyo ni chache: Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo, kisha Mandela inayopita Buguruni na Tazara kuelekea bandarini.

Kwa hiyo "katikati" ya ramani inadanganya. Utaweka kidole kwenye ramani ya simu, kitaangukia mtaa fulani Tabata ndanindani, na kila mtu atafika huko kwa gari mbili na bodaboda. Hesabu magari. Kwa kila mahali mnapopafikiria, andika pembeni ya jina la kila mtu atapanda ngapi kwenda. Kanuni yetu ni kwamba hakuna anayeunganisha zaidi ya mara moja, yaani gari mbili na basi.

Tulishindanisha Mwenge, Ubungo na Posta, yaani mjini kwenyewe. Kura ya wengi ingesema Mwenge dakika ileile, maana nusu yetu tuko Sinza, Kijitonyama na Mwenge yenyewe. Karatasi ilisema tofauti. Mwenge, mtu wa Mbagala na wa Kigamboni wanateseka. Posta, wa Kimara anapanda basi la mwendokasi moja kwa moja hadi Kivukoni, njia ambayo imekuwepo tangu 2016; wa Mbagala na wa Gongo la Mboto wanapata gari za kwenda mjini; wa Kigamboni anashuka kwenye kivuko cha Magogoni anatembea kwa miguu; wa Bunju na wa Chanika wanaunganisha mara moja. Sisi wa Sinza tulinung'unika kidogo, tukakubali.

Hapa ndipo nasema msipige kura ya wengi. Mtu wa Mwenge yuko njiani kwenda kokote. Wa Chanika akichoka mara mbili, ya tatu haji, wala hatawaambia kwa nini. Pangeni kwa kumtazama wa mbali, wa karibu watajileta.

Kuna siri nyingine ya mjini: Jumamosi mchana Posta inakuwa tupu. Ofisi zimefungwa, maegesho yako wazi, foleni ile ya siku za kazi haipo. Nairobi pia, kwa kuwa matatu nyingi mwisho wake ni katikati ya jiji, wenzetu wa huko huangukia hapohapo katikati mara nyingi kwa hesabu hiihii. Kasoro ya Posta ni kwamba migahawa mingi inayolisha watu wa ofisini nayo hufunga wikiendi, ndiyo maana huko mbele kuna hatua ya ukaguzi.

Hatua ya tatu: siku yenye namba

"Kila baada ya wiki mbili" inasikika vizuri na haidumu. Baada ya mara tatu hakuna anayekumbuka kama wiki hii ni ya kukutana au ya kupumzika, na maswali yanaanza upya. Chagueni siku yenye namba ndani ya mwezi: Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu yeyote mwenye kalenda anajihesabia mwenyewe. Hata asipokuwa nayo, Jumamosi ya pili lazima iangukie kati ya tarehe 8 na 14, ya tatu kati ya 15 na 21.

Kwa nini ya pili? Tulianza kwa kufuta. Ya mwisho wa mwezi ina usafi wa mitaa asubuhi, na mchana ndipo watu wanapojazana madukani kwa kuwa mshahara umetoka. Harusi na send-off nazo huipenda kwa sababu hiyohiyo. Ya kwanza wakati mwingine ni tarehe 1 au 2, na mtu akiwa bado kwenye mambo ya mwezi uliopita inampita. Ya tatu inakuta ukata: nauli ipo, lakini mtu anaona aibu kukaa mezani na maji ya kunywa tu. Ya pili hela bado haijaisha na sherehe zimepungua. Wenye biashara hesabu yao ni nyingine, kwa hiyo kama kundi lenu ni la wafanyabiashara wa sokoni msinakili ya kwetu. Waulizeni siku gani soko linalala.

Kila mwezi au kila wiki? Kwa watu wazima wenye watoto na vikao vya harusi, mwezi mmoja ndio uzi mrefu unaoshika bila kukatika. Kundi la kukimbia asubuhi au la kucheza bao linahitaji kila wiki, kwa sababu ukikosa moja mwili au mkono unasahau. Kundi la kupiga soga halisahau. Jumapili nayo msiidharau: ibada zinaisha mchana, watu wamevaa vizuri tayari. Kwetu iliangushwa na vikao vya harusi, ambavyo hapa mjini vimeifanya Jumapili jioni kuwa shamba lao, na kesho yake Jumatatu.

Kisha ipitisheni siku hiyo kwenye miezi yote 12 kabla ya kuitangaza. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka. 2024 ilianza katikati ya Machi, 2025 mwanzoni mwa Machi, 2026 Februari. Amueni mapema mtafanyaje mwezi huo. Sisi Waislamu na Wakristo tumechanganyika, kwa hiyo mwezi wa Ramadhani tunasogea hadi futari, nyumbani kwa mmoja wetu, na ndiyo mara pekee tunayokutana baada ya jua kuzama. Pasaka ikigonga Jumamosi ya pili tunaruka. Desemba tunaruka kila mwaka bila mjadala, maana nusu ya kundi wako Moshi, Bukoba au Songea wakihesabiwa na wazazi.

Mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga? Hatuhamishi. Siku hiyo wanakuja wasiopenda mpira, na huwa ni kikao kitamu.

Hatua ya nne: saa ya kuanza, na hasa ya kuondoka

Dar es Salaam jua linazama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 hivi, mwaka mzima. Wale dada watano wanataka wawe garini saa moja. Alasiri inaingia kati ya saa 9 na robo na saa 10 kasoro dakika chache, kutegemea mwezi. Wanaofanya kazi Jumamosi wanatoka saa 7 au 8 mchana na wanahitaji kufika nyumbani kuoga. Weka yote hayo pamoja, dirisha linalobaki ni saa 10 hadi saa 12 jioni. Aliyeswali alasiri ameshaswali, na magharibi inamkuta anaondoka. Hatukuichagua saa hiyo kwa kura. Ilibaki yenyewe mezani baada ya nyingine kuondolewa.

Saa mbili zinatosha. Nimeona makundi yanayotangaza "kuanzia saa 8 mpaka tuchoke", na matokeo yake anayefika saa 8 anakaa peke yake, anayefika saa 12 anawakuta wa kwanza wameondoka. Kuanza kwa wakati kunashinda watu wetu, tusidanganyane. Tukisema saa 10, meza inajaa saa 10 na nusu. Kumaliza kwa wakati kunawezekana. Saa 12 kamili mmoja anasimama, anaaga, anaita bili. Mtu akishajua ataachiwa muda uleule kila mara, mumewe au mkewe nyumbani naye anajua, na ruhusa ya mwezi ujao haiombwi kwa mbinde. Wakabaki wanaotaka kubaki, hao wana kikao chao kingine.

Andikeni saa kwa namna mbili: saa 10 jioni (16:00). Mwenzetu mmoja aliweka 10:00 kwenye kalenda ya simu, ikamwamsha, akafika saa 4 asubuhi, akanywa soda mbili huku akitutukana kundini.

Hatua ya tano: nenda ukakague, siku ileile, saa ileile

Hapa niliumbuka mimi. Nilitumwa kutafuta mahali, nikaenda Jumanne asubuhi kwenye mgahawa mmoja mjini: kivuli kizuri, meza ndefu ya mbao, upepo wa baharini, mhudumu mpole. Nikasifia kundini na kutuma picha. Jumamosi saa 10 tulikuta spika mbili za urefu wa mtu zikipiga singeli kwa ajili ya bethidei ya mtoto, televisheni juu ya kichwa changu ina mpira, na meza yangu ndefu imefunikwa kitambaa cha pinki. Tulikaa vikundi vya watatu watatu tukipigiana kelele masikioni.

Kwa hiyo nenda Jumamosi, saa 10, ukae mpaka saa 12. Agiza juisi uone inachukua dakika ngapi. Kama wewe peke yako umesubiri dakika 40, watu 12 watasubiri mpaka magharibi. Ingia chooni, na choo cha wanawake mwombe dada aingie akuambie. Uliza wapi mtu anaweza kuswali. Tazama ngazi: kama kuna mwenye mguu mbovu au mjamzito, ghorofa ya pili bila lifti imeshamfuta. Toka nje saa 12 na nusu, utembee mwenyewe hadi kituoni, uone taa zinawaka wapi na watu wanapita wapi. Hatua hizo 200 kutoka mlangoni hadi kituoni ndizo zinazoamua kama dada zetu watarudi mwezi ujao.

Kisha zungumza na meneja, sio mhudumu. Mwambie: kila Jumamosi ya pili, watu 8 hadi 14, saa 10 hadi 12, kila mtu analipa bili yake. Muulize kama kuna kiasi cha chini cha kuagiza, na kama mtaachiwa meza ileile. Wengi wanafurahi, kwa kuwa saa 10 ni saa mfu kwao, chakula cha mchana kimeisha na cha usiku bado. Akikupa jibu la "njooni tu, tutaona", endelea kutafuta.

Kuhusu aina ya mahali, nitasema ninachofikiri. Nyumbani kwa mtu ni kuzuri kwa mara moja na kubaya kwa kudumu. Mwenyeji, na mara nyingi ni mke wa mwenyeji, anaanza kupika tangu asubuhi hata mkimwambia asipike, na mwezi wa tatu anatafuta sababu. Mkitaka majumbani, zungukeni kama wanavyofanya wa jumuiya za kanisani, lakini mjue kituo cha kudumu mmekipoteza. Baa inawafukuza kimyakimya wasiokunywa. Hawatasema, wataacha kuja. Coco Beach ni bure na inapendeza, ila Jumamosi jioni jiji zima liko pale na hakuna meza yenu. Bustani nayo ni bure mpaka masika ianze. Kundi lisilo na hela lijaribu darasa la shule au ukumbi wa ofisi ya serikali ya mtaa: barua moja yenye majina na saa, mchango mdogo wa usafi, na uji wa chupa mnakuja nao wenyewe. Viti ni vigumu, lakini hakuna anayewaondoa.

Mvua itengewe akili yake mapema. Kuanzia Machi hadi Mei, Bonde la Msimbazi likijaa pale Jangwani barabara ya Morogoro hufungwa, na wa Kimara na Mbezi wanakwama upande wa pili. Sisi tuna kanuni ya sentensi moja: Jangwani ikifungwa, wa Morogoro Road wanakutana Ubungo, waliobaki Posta, na tunapigiana simu ya video dakika tano kuchekana.

Hatua ya sita: leteni mapendekezo mawili, mpitishe, mfunge

Sasa ndipo kundi linaambiwa. Mapendekezo yawe mawili tu, yote mawili yakiwa yamekaguliwa, kwenye kura ya WhatsApp, na mwisho wa kupiga kura uandikwe: "Jumatano saa 2 usiku nafunga." Atakayetaka kuleta la tatu mkaribishe alilete mwakani. Tangazeni kuwa ni majaribio ya miezi mitatu; watu hukubali kwa urahisi kitu chenye mwisho, na miezi mitatu ikipita hakuna anayekumbuka kuwa yalikuwa majaribio.

Chagueni washika meza wawili. Kazi yao ni moja: mmoja wao lazima awe pale saa 10 kamili, hata mvua, hata mko wawili tu. Mwezi wetu wa pili tulikuwa watatu, mmoja ana mafua. Tulikunywa chai, tukapiga picha ya viti vitupu, tukaituma na maneno "tupo". Mwezi wa tatu walikuja 11.

Hatua ya saba: ilinde

Ujumbe wa kukumbusha usiwe swali. "Mnakuja kesho?" unafungua mlango wa udhuru 19. Andika hivi, wiki moja kabla na tena asubuhi ya siku yenyewe:

Jumamosi 13, saa 10 jioni (16:00), palepale, meza ileile. Tupo.

Usiahirishe kwa sababu mtu fulani muhimu hayupo. Mkiahirisha mara moja kwa ajili ya mmoja, mwezi ujao wa pili ataomba na yeye, naye mtamkatalia kwa lipi? Msiba wa mwenzenu ndio pekee unaohamisha kikao, na hapo hamuahirishi pia: saa ileile, mnakutana msibani.

Iko siku mahali patabadilika tu. Mgahawa utafungwa, meneja mpya ataleta spika. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati: mkihama mahali, siku na saa zibaki, mkibadili saa, bakini palepale. Toeni taarifa mwezi mzima kabla, na siku ya kwanza ya mahali papya mshika meza mmoja akae pa zamani hadi saa 11 kuwaelekeza waliosahau. Kwetu walisahau wanne.

Na yule ambaye hajaonekana miezi mitatu mfululizo, usimuulize kundini kwa nini haji. Mpigie, umuulize siku hizi amehamia wapi na anapanda gari ngapi. Mmoja wetu alikuwa amehamia Kibaha, hakutaka kusema. Mwenzake wa Mbezi sasa anamsubiri pale stendi ya Magufuli saa 8 na nusu, wanakuja pamoja.